Mama yuko peke yake Wete: je, saa ya mkononi itamwita mtu akianguka?

SWALI: "Mama yangu ana miaka 73 na anaishi peke yake Wete, Pemba, mimi nafanya kazi Muscat. Ana presha ya miaka mingi, anameza dawa mbili kila asubuhi, na daktari alishamwambia kuwa sukari yake iko mpakani. Mwezi uliopita alianguka chooni alfajiri alipokuwa akijiandaa kwa sala, akabaki sakafuni mpaka saa nne hivi, mtoto wa jirani alipokuja kurudisha sufuria. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo sipati usingizi. Muuzaji mmoja wa hapa ananishawishi ninunue saa ya mkononi ambayo, kwa maneno yake, inapima presha, sukari, oksijeni na moyo, inatambua mtu akianguka, na inaita gari la wagonjwa yenyewe. Bei yake ni karibu nusu ya mshahara wangu. Ndugu yangu naye anasema mawimbi ya vifaa hivyo yanadhoofisha moyo. Nifuate lipi?"

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa yaliyomfika mama, na tumshukuru Mungu kwa sufuria ile. Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba, si daktari, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu juu ya vifaa, na pale ambapo jambo ni la daktari nitakuambia waziwazi.

Barua yako ina maswali mawili ambayo muuzaji ameyafunga katika kifurushi kimoja. La kwanza ni hili: mama akianguka, nani atajua, na baada ya muda gani? La pili ni hali ya mwili wake siku hadi siku: presha, sukari, moyo. Hizi ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi kifaa kinachofaa kwa moja hakifai kwa nyingine. Kwa nilivyosoma maelezo yako, la kwanza ndilo lenye pengo kubwa, na habari njema ni kwamba kuliziba hakuhitaji nusu ya mshahara.

Kutoka alfajiri hadi saa nne ni kama saa tano sakafuni. Mtu mzima akilala muda mrefu upande mmoja juu ya saruji, misuli iliyogandamizwa huanza kufa na kumwaga vitu vyake katika damu, na figo ndizo zinazobeba mzigo huo. Juu yake kuna kiu, baridi ya sakafu, na kifua kinachoweza kushika maambukizi. Wazee wengi ambao hawakuvunjika hata mfupa mmoja huumizwa zaidi na muda wa kulala pale chini kuliko na anguko lenyewe. Kwa hiyo kipimo cha kifaa chochote utakachonunua kiwe hiki: kitapunguza saa tano zile ziwe dakika ngapi?

Saa hutambuaje anguko? Ndani yake kuna kihisi mwendo, kipande cha silikoni chenye uzito mdogo mno ulioning'inizwa kwa vijiti vinavyonepa, na kila mkono unapokwenda, uzito ule husogea na saa huhesabu. Mtu anapoanguka, kwa sehemu ya sekunde kihisi huona kana kwamba uzito umepotea, kisha huona kishindo kikali, kisha ukimya. Mishtuko peke yake haitoshi, kwa sababu kutwanga kwenye kinu nako kuna mishtuko. Ndiyo maana saa husubiri kuona kama mtu ametulia. Saa ya Apple, ambayo ilianza kuwa na uwezo huu mwaka 2018, huuliza kwanza kwa mlio na mtikisiko kama uko salama, na ikiona hujasogea kwa takribani dakika moja hupiga simu ya dharura. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Tatizo ni kwamba wazee wengi hawaanguki kwa kishindo. Huporomoka: miguu inalegea, mkono unashika ukuta au ndoo, mwili unateremka polepole mpaka chini. Kihisi kinachongoja kishindo hakioni kitu hapo, na hakuna mtengenezaji makini anayedai kuwa saa yake hutambua kila anguko.

Tuseme imetambua. Sasa habari inabidi isafiri. Saa nyingi hazina laini yake ya simu, bali hutegemea simu ya mkononi iliyo karibu kwa njia ya Bluetooth, ambayo ndani ya nyumba yenye kuta nene haiendi mbali zaidi ya mita kumi hivi. Simu ikiwa chumbani inachajiwa na mama yuko chooni ng'ambo ya ua, saa itapiga kelele peke yake. Na hata simu ikiwa karibu, itampigia nani? Ahadi ya "inaita gari la wagonjwa yenyewe" imeandikwa kwa miji ambako namba moja ya dharura hupokewa na mtu mwenye ramani, gari na wahudumu. Rwanda wana 912 ya SAMU, huduma yao ya magari ya wagonjwa. Kenya ipo 1199 ya magari ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu. Kwetu Tanzania 112 humfikisha mtu polisi, na huenda mpokeaji asijue mlango wa mama uko wapi. Mfumo wetu wa m-mama wa namba 115, ambao ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga na hauwahusu wazee, umefanikiwa kwa sababu watu walianza na swali la nani atakwenda: madereva wa mitaani wanajulikana mapema, na malipo yao hupitia kwenye simu.

Vifaa hivi vilipoanza pia, mtu aliyekuwa upande wa pili ndiye aliyevifanya vifae. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wilhelm Hormann kule Ujerumani, na baada yake kidogo mwanasaikolojia Andrew Dibner wa Boston, walibuni kitufe cha kuvaa ambacho hurusha mawimbi mafupi ya redio hadi kwenye kisanduku kilichounganishwa na simu ya nyumbani. Kitufe chenyewe hakikuwa na ajabu kubwa hata kwa wakati ule. Jambo jipya lilikuwa chumba chenye watu wanaopokea usiku na mchana, kila mmoja na karatasi inayoonyesha jina la mzee, maradhi yake na jirani mwenye ufunguo. Na hata huko waya hukatika: mwaka 2022 kampuni za simu za Marekani zilipozima mitandao ya 3G, vidani vya dharura vilivyotegemea mitandao hiyo vikawa mapambo, na Uingereza bado wanahangaika na wazee ambao vifaa vyao vilijengwa kwa simu za waya za kizamani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Cambridge juu ya wazee waliozidi miaka 90, wengi wao wakiwa na mfumo wa kuita msaada. Walipoanguka wakiwa peke yao, takribani asilimia 80 hawakuutumia. Wengine hawakuwa wamekivaa kitufe, wengine hawakutaka kumsumbua mtu, wengine walitaka wainuke wenyewe kwanza. Nilipousoma nilidhani hayo ni mambo ya Wazungu wanaoishi mbali na ndugu zao, mpaka nilipomfungia shangazi yangu kidani chenye kitufe na laini ya simu. Baada ya wiki mbili nilikikuta kimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. "Mwanangu, nikienda kutia udhu nakivua, kisirowe," aliniambia, na kwa kweli nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba kinavumilia maji. Mara tano kwa siku alikuwa akikivua kabla ya kuingia mahali penye maji na utelezi, ambapo ndipo hasa angeweza kuanguka. Mama yako naye alianguka akijiandaa kwa sala. Chochote utakachompa, hakikisha kinaingia majini, na umwambie hivyo mbele ya macho yake kwa kukitumbukiza kwenye bakuli la maji na kukibonyeza.

Kosa la pili kwa shangazi lilikuwa langu vilevile. Laini ya kidani niliinunua, nikaisajili kwa alama za vidole, nikaijaza salio, nikaisahau. Ilipofika siku ya kukijaribu, hakikupiga. Salio lilikuwa limekwisha kwa kifurushi kilichokuwa kikijinunua chenyewe. Bahati yetu ni kwamba siku hiyo hakuna aliyeanguka.

Kwa hiyo, ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Ningeanza na jirani, yule ambaye mwanawe alirudisha sufuria. Ongea naye kwa simu, kwa heshima zote, umwombe akubali kuwa mlango wa kwanza wa mama, akae na ufunguo wa akiba, na umwambie mama kuwa umemwomba, kwa sababu mzee asiposhirikishwa huona amewekewa mlinzi. Kisha nunua kengele ya mlangoni isiyo na waya, ile yenye kitufe cha betri na kipaza sauti cha kuchomeka ukutani, lakini igeuze: kipaza sauti kikae kwa jirani, kitufe akae nacho mama. Hizi nyingi hutumia mawimbi ya masafa ya megahezi 433, hazihitaji laini, salio wala intaneti. Kwenye boksi wataandika mita 150 au 300. Hizo ni za uwanja wa mpira. Kuta za mawe, mlango wa chuma na friji vinazila sana, kwa hiyo mtu aifanyie kengele jaribio hasa: aingie chooni, afunge mlango, ajilaze chini, abonyeze, na wa pili asikilize kwa jirani. Chagua chenye kipaza sauti kinachotumia betri pia, kwa ajili ya siku ambazo umeme umekatika. Nunua vitufe viwili. Kimoja kibandikwe chooni, kiasi cha shibri moja na nusu kutoka sakafuni, maana aliyelala chini hafikii kitufe kilichowekwa usawa wa swichi ya taa. Cha pili kiwe shingoni, au kipigwe pini ndani ya fundo la kanga kama atapenda zaidi hivyo.

Juu ya hapo, mpe simu ya vitufe, kiswaswadu cha kawaida, kutoka zile zenye kitufe chekundu cha SOS nyuma. Chaji yake hukaa siku kadhaa, na ukikishikilia kitufe kile hupiga namba ulizoziweka, moja baada ya nyingine. Katika kuzipanga, namba yako ya Muscat usiiweke ya kwanza. Najua moyo unataka hivyo, lakini wewe huwezi kumwinua, na kila sekunde simu inayolia kwako ni sekunde inayochelewa kwa jirani. Weka jirani, kisha ndugu mwenye chombo cha usafiri, kisha mwenye bodaboda au gari mnayemwamini, halafu wewe.

La tatu halina gharama, na ndilo ninaloliamini kuliko yote. Kitufe humtaka mtu awe na fahamu na nguvu ya kubonyeza. Akizimia, au kiharusi kikimkamata mkono, kitufe ni bure. Kwa hali hiyo unahitaji kengele inayolia kwa ukimya: kila siku akishasali alfajiri, mama akubip. Basi, mlio mmoja. Huko kwenu saa imetangulia moja, kwa hiyo utakuwa umeshaamka. Ikifika dakika thelathini baada ya muda wake wa kawaida na bip haijaja, unampigia yeye; asipopokea mara mbili, unampigia jirani, naye anakwenda na ufunguo. Ongezeni bip ya pili baada ya isha. Kwa utaratibu huo, hata siku ambayo kila kifaa kimekufa, anguko la alfajiri linajulikana kabla ya watoto kwenda shule.

Sasa vipimo. Sukari nitaimaliza haraka: hakuna saa wala pete inayopima sukari bila kutoboa ngozi ambayo imeidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, na Februari 2024 mamlaka hiyo ilitoa onyo watu wasizitumie. Vipo vihisi vya kweli vya kubandika mkononi, kama FreeStyle Libre, ambavyo vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na hutuma namba kwenye simu, lakini hivyo ni vya wagonjwa wanaotumia insulini hasa, na mama ambaye sukari yake iko mpakani anatosheka na kipimo cha kituo cha afya kwa ratiba ya daktari wake. Muuzaji aliyekuambia saa inapima sukari amekupa sababu ya kutilia shaka na mengine aliyokuambia.

Presha ni tofauti kidogo. Saa hurusha mwanga wa kijani kwenye ngozi, damu huumeza, na kila pigo la moyo hubadilisha kiasi cha mwanga unaorudi. Hivyo hesabu ya mapigo ni nzuri mtu akiwa ametulia. Presha, hata hivyo, hukisiwa kutokana na umbo la wimbi hilo, na saa za Samsung zenye uwezo huo hudai zilinganishwe upya na kipimo cha mkanda kila siku 28. Kama bado utahitaji kipimo cha mkanda, nunua hicho peke yake: cha mkono wa juu, si cha kifundo, na mkanda unaolingana na unene wa mkono wake, kwa sababu mkanda mdogo hutoa namba kubwa ya uongo. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila mazungumzo. Namba ziandikwe kwenye daftari. Nyumbani, wastani wa kuanzia 135 kwa 85 ndio unaohesabiwa kuwa presha ya juu. Namba moja ya asubuhi moja isikutie hofu.

Kipimo cha oksijeni kilitokana na ugunduzi wa Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970, kwa kulinganisha mwanga mwekundu na ule usioonekana, na kilitusaidia sana wakati wa korona. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni takribani mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Na kwa mama zetu wa pwani kuna jambo jingine: piko kwenye ncha za vidole linaweza kuuzuia mwanga kabisa. Mama hana maradhi ya mapafu uliyoyataja, kwa hiyo hapa okoa fedha zako.

Kuhusu moyo, ECG ya saa, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ni ya kweli, ila ni ndogo. Mwaka 1905 Willem Einthoven kule Leiden, Uholanzi, alipeleka mchoro wa moyo kutoka hospitali hadi maabara yake kwa waya wa simu, kilomita moja na nusu; mwishoni mwa miaka ya 1940 Norman Holter wa Montana, Marekani, alihitaji mzigo wa kilo 38 hivi mgongoni ili arushe mchoro huo kwa redio. Leo saa huchora nusu dakika, kutoka pembe moja tu ya moyo, na huweza kuonyesha mapigo yasiyo na mpangilio. Haiwezi kumwambia mtu kama ana shambulio la moyo, na watengenezaji wenyewe wanaliandika hilo. Kifaa ninachokipenda katika jamii hii ni Cardiopad ya Arthur Zang wa Kamerun, iliyoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2016: mhudumu wa kijijini hupima, mchoro ukaenda kwa mtandao wa simu hadi kwa daktari wa moyo mjini, naye akajibu. Kuna anayesoma. Saa ya mama mchoro wake atausoma nani?

Kwa ndugu yako mwenye hofu ya mawimbi: redio ya Bluetooth kwa kawaida hutoa milliwati chache, ilhali simu ya kawaida ya GSM hufika wati 2 kwa kilele, na hata hiyo haijulikani kudhoofisha moyo. Mawimbi yanachoweza kufanya ni kuvurugana yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 1998 kule Dallas, kituo cha televisheni kilipojaribu matangazo ya dijitali, vifaa visivyo na waya vya kufuatilia mioyo ya wagonjwa katika hospitali moja vilipoteza mawasiliano, na baadaye Marekani ikatenga masafa maalumu kwa ajili ya hospitali. Kwa mama, tafsiri yake ni ndogo: jirani mwingine akiwa na kengele ya aina ileile huenda ikalia kwake, basi badilisheni msimbo unaounganisha kitufe na kipaza sauti chake.

Limebaki lililo la daktari, na ningelitanguliza mbele ya ununuzi wowote: kwa nini alianguka? Mzee anayemeza dawa mbili za presha, aliyetoka kulala na kusimama ghafla, anaweza kuwa presha yake ilishuka aliposimama. Mwombe daktari ampime amelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hilo ni jambo la kurekebishwa, pengine kwa kubadilisha dawa au saa za kuzimeza. Asiziache mwenyewe. Aombewe pia ECG ya hospitali, apimwe macho, na aeleze kama alihisi kizunguzungu au aliteleza tu. Wakati huohuo fundi aweke bomba la kushikia ukutani chooni na taa inayowaka usiku.

Na asingojewe mpaka siku ya kliniki kama ameanguka tena na kugonga kichwa, hasa akiwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama alizimia, kama kifua kinambana au anakosa pumzi, kama presha imefika 180 kwa 120 pamoja na kichwa kuuma sana, kuchanganyikiwa au kuona ukungu, au kama uso umepinda, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito. Hapo jirani asikupigie kwanza kukuuliza. Amchukue apelekwe hospitali, na aandike kwenye kiganja au karatasi ni saa ngapi alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa maana ndilo swali la awali ambalo daktari wa zamu atamuuliza.